Gemu za Kuweka: Ni Mali au ni Mzigo?

Usiharakishe kuupindua ukurasa huu kwa kudhani kuwa ni khabari za watoto. Hizi ni khabari za pesa na za wakati, na vitu viwili hivyo vinapopotea havimwulizi mtu umri wake.

Siku moja nilikwenda kumjulia hali dada yangu. Nilimkuta mpwa wangu, kijana wa miaka 29, mwenye kazi yake na mke wake, ameketi mbele ya televisheni akicheza mpira katika PlayStation 2 kuukuu. Ni mashine iliyotoka mwaka 2000, na kiwanda kiliacha kuiunda tangu mwanzo wa 2013. Pembeni yake palikuwa na kompyuta mpya ya thamani, imezimwa.

Nikamwuliza, "Na hii kompyuta je? Haina gemu?"

Akacheka. "Inazo, Mjomba. Tena nyingi."

Tukaiwasha, tukahesabu pamoja. Zilikuwa gemu 212, zote amezilipia. Alizozicheza hata mwisho ni 19. Alizozifungua mara moja mbili akaziacha ni 40. Zilizobaki, 153, hakupata kuzigusa hata siku moja. Nikamwambia, tufanye kila moja yataka saa 20 tu. Hizo ni saa 3,060. Ukicheza saa moja kila siku, bila ya kukosa hata siku ya ugonjwa wala ya harusi, utamaliza baada ya miaka 8 na zaidi. Na hapo usinunue hata moja nyengine! Kijana akanyamaza.

Je, ewe msomaji, waona huyu ni mpumbavu wa peke yake? La hasha! Maradhi haya yameenea dunia nzima. Mwaka 2014 jarida la Marekani liitwalo Ars Technica lilichunguza akaunti za Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta lililofunguliwa na kampuni ya Valve mwaka 2003. Likakadiria kuwa takriban asilimia 37 ya gemu zilizomo katika akaunti za watu zilikuwa hazijafunguliwa hata mara moja. Zaidi ya gemu moja katika kila tatu! Wajapani hata wamezitilia jina gemu za namna hii: huziita tsumige, yaani gemu zilizorundikwa.

Hebu basi tujiulize: mtu mwenye akili zake anunuaje kitu asichokitumia, kisha akarudi kesho akanunua chengine?

Sababu ya kwanza ni mnada. Maduka haya hupunguza bei kwa misimu, wakati wa kiangazi cha kwao na mwisho wa mwaka. Gemu iliyokuwa dola 40 huandikwa dola 10, na kando yake huandikwa kuwa punguzo litakwisha tarehe fulani. Hapo nafsi husema: "Nisiponunua leo nitakula khasara ya dola 30." Tazama hila hiyo, ndugu yangu! Asiyenunua hakutoa hata senti, lakini yeye ndiye anayejiona amepata khasara. Aliyetoa dola 10 kwa kitu kitakacholala ndiye anayejiona amechuma.

Sababu ya pili imejificha zaidi. Kijana anunuapo gemu ndefu, kama The Witcher 3 ya mwaka 2015, ambayo hadithi yake kuu peke yake huchukua saa 50 na zaidi, hanunui gemu tu. Ananunua picha ya nafsi yake akiwa na nafasi: jioni ndefu, hana deni, mtoto hajambo, bosi hakupiga simu. Duka humwuzia gemu, lakini jioni hiyo haimo ndani yake. Ndiyo maana gemu hulala. Haikukosewa gemu, ulikosewa wakati, na wakati haushuki bei mwezi wa Disemba.

Na sasa nakuomba unisikilize vizuri, wewe uliye baba au mama katika nyumba. Hicho kinachoitwa mali, je, ni mali kweli? Kwetu sisi mali ni kitu unachoweza kukiuza, kukitoa zawadi, na siku ukiondoka duniani wenyewe wakarithi. Gemu hizi hazina hata moja katika hayo. Masharti ya Steam yakataza mtu kuiuza akaunti yake au kumhamishia mwengine, na mwaka 2024, mteja mmoja alipouliza kama aweza kuiacha akaunti yake kwa wasia, alijibiwa kuwa haiwezekani. Maana yake ni kwamba kijana aweza kutia pesa humo miaka 20, na siku ya kugawa mirathi kusiwe na cha kugawa. Kile alichokilipia ni ruhusa ya kutumia tu.

Na ruhusa yaweza kuondolewa. Mwaka 2014 kampuni ya Ubisoft ilitoa gemu ya mbio za magari iitwayo The Crew. Gemu hiyo haikuchezeka bila ya kuunganishwa na seva za kampuni, hata kwa mtu anayecheza peke yake chumbani mwake. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Aliyeinunua na kuiweka, akisema "nitaicheza nikipata nafasi," akaikuta imekufa kabla ya nafasi kufika. Watu walikasirika. Huko Ulaya pakaandikwa ombi la kutaka gemu zisiuliwe hivi mikononi mwa walionunua, na kufikia Julai 2025 saini zilikuwa zimepita milioni 1. Jimbo la California nalo likapitisha sheria mwaka 2024, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa 2025, kuwa muuzaji wa vitu vya namna hii asiseme "nunua" bila ya kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Ikiwa wenzetu wamehitaji sheria ili waambiwe ukweli huo, sisi je, ambao vijana wetu hununua huko huko kwa kadi za jamaa walioko Dubai na London?

Ama sasa wametokea watu wanaosema wamepata dawa. Wao huandika orodha ya gemu zao zote, mbele ya kila moja wakaandika saa zinazohitajiwa, wakajiwekea ahadi ya kumaliza mbili kila mwezi, na kila waimalizayo huifuta. Mwanzo nilidhani hii ni busara. Nilipotazama vizuri nikaona kuwa ni kosa la pili lililopanda juu ya la kwanza. Mtu arudi kazini amechoka, kisha aketi kuifanya kazi ya pili isiyo na mshahara! Akicheza hafurahi, macho yako kwenye saa ngapi zimebaki. Mchezo umegeuka deni, naye mwenyewe ndiye mdai na ndiye mdaiwa.

Lakini deni hilo lilikopwa kwa nani? Pesa zimekwisha kwenda. Ukiicheza gemu usiyoipenda kwa saa 30 ili dola 5 zako zisipotee, dola 5 hazirudi, na saa 30 zimekwenda pia. Huko ni kuifukuza khasara kwa khasara. Kitabu kibaya hufungwa, na chai iliyopoa humwagwa. Hakuna anayelazimika kuinywa kwa kuwa sukari imekwisha kutiwa.

Nawasikia baadhi ya wazee wakisema: "Si tulisema? Gemu zote ni upuuzi, zimeni mashine!" Wazee wangu, tafadhalini. Fungueni kwanza makabati yenu. Ni sahani ngapi za maua zimekaa ndani ya kioo miaka 15 zikingoja mgeni ambaye hajaja? Ni doti ngapi za kanga zimo sandukuni, hazijakatwa wala hazijavaliwa, na kila zikitoka mpya zinanunuliwa nyengine? Ni vitabu vingapi vimepangwa rafuni, kurasa zake zingali zimeshikana? Maradhi ni yale yale. Kijana ameyarithi kwetu, tofauti ni kuwa kabati lake halionekani. Kumpigia kelele kijana ilhali kabati letu limefungwa kwa ufunguo si uadilifu.

Turudi kwa mpwa wangu na mashine yake kuukuu. Wenzake humcheka kwa kuchezea takataka. Mimi nasema katika nyumba ile jambo lililokuwa na akili zaidi lilikuwa lile. Wala hayuko peke yake. Steam yenyewe ilitangaza kuwa katika mwaka 2024 wakati uliotumiwa na wachezaji wake kwa gemu zilizotoka mwaka huo ulikuwa asilimia 15 tu, ilhali gemu zenye umri wa miaka 8 na zaidi zilichukua asilimia 37. Na mwaka huo huo duka lilipokea gemu mpya zaidi ya 18,000! Watu hununua jipya, wakacheza la kale.

Kuna aibu gani? Litazameni bao letu. Bao ni mashimo 32 na kete 64, basi. Halina toleo la mwaka huu. Mzee aliyejifunza akiwa kijana amecheza miaka 40, amenamua, ameingia mtaji, ameilinda nyumba yake na ameivunja ya mwenziwe, na kesho baada ya alasiri atakwenda barazani aanze upya. Je, umepata kumsikia mtu akimwambia, "Mzee, bao hili si ulikwisha kulimaliza?" Mchezo mzuri haumalizwi, hurudiwa, na kila unaporudiwa mchezaji huona alichokuwa hakukiona.

Tena kuna khatari nyengine ambayo vijana wengi hawaijui. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi tarehe ya gemu, Video Game History Foundation, ilitoa uchunguzi kuwa asilimia 87 ya gemu zilizotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena madukani. Katika kila 100 unaweza kununua 13 tu. Mwaka huo huo, tarehe 27 Machi, Nintendo ilifunga mauzo katika maduka yake ya mtandaoni ya mashine za 3DS na Wii U. Basi ile diski yenye mikwaruzo iliyoko chini ya kitanda, ambayo mama anataka kuitupa siku ya kufagia, huenda ikawa ndicho kitu pekee katika nyumba ile kisichohitaji idhini ya kampuni yo yote ili kifanye kazi, na ambacho kijana aweza kumpa mwanawe.

Lakini nisije nikafahamika vibaya. Kurudia nako kuna mpaka. Yuko anayerudia la kale kwa kuwa analipenda, na yuko anayejificha ndani yake, saa sita mfululizo, ili asione barua ya mwenye nyumba wala uso wa mkewe. Huyo wa pili hana tofauti na mlevi, hata kama gemu yake ni ya mwaka 1985.

Nini basi la kufanya? Kwanza, hesabu. Wahenga walisema mali bila ya daftari hupotea bila ya khabari. Kaa na kalamu uandike ulizonazo na ulizozigusa. Hesabu hiyo peke yake yatosha kuufunga mkono kwa miezi. Pili, usinunue gemu ila jioni ile utakayoanza kuicheza. Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza saa 2. Anayenunua akaweka huiacha haki hiyo ikafa usingizini. Tatu, zile zilizolala zisamehe. Chagua tatu uzipendazo, zijaribu jioni mbili mbili, usiyoipenda iache bila ya majuto, na nyengine zisahau kama usahauvyo nguo uliyoipita dukani. Nne, vya zamani vitunze: futa vumbi, weka diski ndani ya jalada lake, na mwambie mama asitupe kabla ya kuuliza.

Namaliza kwa jambo ambalo mpwa wangu alinionyesha siku ile. Katika mashine ile mna kadi ndogo ya kumbukumbu, ya MB 8, na ndani yake mna ligi ya mpira aliyoianza na kaka yake mwaka 2010. Mwaka uliofuata kaka alikwenda Muscat kutafuta riziki, na ligi ikabaki katikati.

Nikamwuliza, "Sasa hii ndiyo unayoicheza?"

"Hapana, Mjomba. Ligi siigusi. Nacheza mechi za kirafiki tu, mkono usisahau. Ligi tutaimaliza akija."

Ndugu msomaji, katika nyumba ile mlikuwa na gemu 153 zisizochezwa kwa sababu zilinunuliwa bila ya haja, na moja isiyochezwa kwa sababu inamngoja mtu. Tazama katika nyumba yako, uzipange mafungu mawili vivyo hivyo. Fungu la kwanza liache liende. La pili lihifadhi vizuri, na umpigie simu mwenyewe umwulize anakuja lini.