Baraka: Mlinzi wa mtandao asizimike mazutu yanapokwisha

Wapenzi wasikilizaji na wasomaji wetu wa Baraka, Fizi-centre, Mboko, Lweba na Kazimia, na ninyi ndugu zetu mliokimbia vita na sasa mnalala kwa jamaa, makanisani na shuleni, leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya ndagala. Naleta lawama, na nitaisema wazi. Majina yenu yanaandikwa kwenye mashine ambazo hazina mlinzi. Na pale ambapo mlinzi amewekwa, amewekwa mkubwa mno, mwenye kula umeme ambao Baraka haina. Mazutu yakiisha, mlinzi anazimika na mlango unabaki wazi.

Nieleze nilichokiona. Nilifika kwenye ofisi moja inayohudumia watu waliohama makwao. Jina lake silitaji, maana kosa lile si lake peke yake. Juu ya bati kuna sahani ya intaneti. Ndani kuna kompyuta kubwa ya mezani, ya zamani, imegeuzwa kuwa kile ambacho mafundi huita ukuta wa moto, yaani programu inayosimama kati ya intaneti na mashine za ndani, ikiamua nani apite na nani azuiwe. Ni wazo zuri. Lakini ilipofika saa sita mchana jenereta ilizimwa kwa kukosa mazutu. Batri iliyobaki ilitosha sahani tu. Kijana wa zamu akachomoa waya kwenye kompyuta ile, akauunganisha moja kwa moja, kazi ikaendelea. Aliniambia, "Kaka, tunafanya hivi kila siku."

Nikaunganisha telefoni yangu kwenye waifai ile ile wanayopewa wageni. Baada ya dakika chache nikaona dosie za kompyuta ya ofisi zimewekwa wazi, bila neno la siri. Moja ilikuwa na kichwa cha orodha ya familia. Sikuifungua, nikamwita mkubwa wa ofisi nikamwonyesha. Yeyote aliyekaa pale kwenye benchi akingoja zamu yake angeweza kuifungua.

Wako watakaosema ninakuza mambo, kwamba mambo ya kulinda mitandao ni ya Kinshasa na Ulaya. Nawauliza: orodha hiyo ina nini? Ina jina la baba, idadi ya watoto, kijiji alichotoka, mahali anapolala sasa, nambari ya telefoni anayopokelea pesa. Goma ilianguka Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na Desemba mwaka huo huo vita vikafika Uvira. Wako waliovuka kwenda Burundi, wako walioshuka huku kwetu. Mtu aliyekimbia mwenye bunduki hataki kujulikana amelala wapi. Kwake karatasi ile ni roho.

Sasa tuongee hesabu, kwa sababu ugomvi wangu ni wa wati.

Kompyuta ya mezani ya zamani inakula kama wati 60 hata ikiwa haifanyi kazi nzito. Zidisha kwa saa 24, unapata 1440 kwa siku. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100, ile tunayoijua wote, ina 1200 ikijaa. Tena fundi yeyote wa sola atakuambia batri ya asidi usiishushe chini ya nusu, utaiua. Unabaki na 600. Kompyuta ile inaimaliza kwa saa kumi, na kwa kweli ni chini ya hapo, maana inveta nayo inakula sehemu yake ikigeuza umeme wa batri kuwa wa 220.

Chukua upande wa pili ruta ndogo inayokula wati 5. Kwa siku nzima ni 120 tu. Batri ile ile, nusu ile ile, inaibeba siku tano bila jua hata kidogo. Plaki moja ya wati 100, ikipata saa nne za jua zuri, inailisha na kubakiza, hata ukitoa kinachopotea njiani. Sahani yenyewe tayari ni mlaji: ile ya kawaida ya Starlink inakula wati 75 hadi 100, na ile ndogo iitwayo Mini wati 25 hadi 40. Ukiongeza mlinzi wa wati 60 juu ya Mini, mlinzi anakula kuliko mwenye nyumba. Ni nani kati yetu angeajiri mlinzi wa namna hiyo?

Ninataja Starlink kwa sababu sasa hatuwezi kusema jambo hili halijafika. Machi 2024 serikali yetu ilikuwa imeikataza, na Mei 2025 ikaipa leseni. Yule aliyekuwa akingoja mega za telefoni leo anaweza kugawa intaneti kwa benchi zima la wageni. Ni jambo jema. Familia iliyotawanyika kati ya Baraka, Bujumbura na kambi ya Nyarugusu inapata sauti ya mwenzake. Lakini anayefungua mlango kwa watu wengi ana deni la kulinda chumba cha ndani.

Fundi mmoja alinijibu hivi: "Sahani na mitandao ya telefoni huwaficha wateja wengi nyuma ya anwani moja, mtu wa nje hawezi kukufikia, ukuta wa nini?" Kuhusu anwani za zamani ana haki kwa sehemu kubwa. Ila anwani mpya, zile za IPv6 ambazo Starlink inatoa, hazifichwi kwa namna hiyo, ni ukuta tu unaozifunga. Na zaidi ya hapo, hatari niliyoiona haikutoka nje. Ilikuwa imekaa kwenye benchi, na telefoni mkononi. Kazi ya kwanza ya ukuta hapa kwetu ni kutenga: mtandao wa kazi upande huu, mtandao wa wageni upande ule, na wageni wasiuone wa kazi hata kwa bahati mbaya. Kazi hiyo haihitaji mashine kubwa.

Programu ipo, ni ya chanzo huria, haiombi leseni wala malipo. Inaitwa OpenWrt, ilianza mwaka 2004, na imetengenezwa kwa ajili ya ruta ndogo. Inataka angalau megabaiti 16 za kuhifadhia na 128 za kumbukumbu. Wako wanaosifu pfSense na OPNsense. Ni programu nzuri, nazo ni za chanzo huria, lakini zinataka kompyuta kamili ya biti 64. Ukiwa na ofisi ya mashine nyingi, tafuta kompyuta ndogo isiyo na feni, ya wati kama 10, uziweke humo. Kwa redio ya kijamii, kituo cha afya au ofisi ya mashine nne, ruta inatosha. Anayekuambia lazima ununue kompyuta kubwa anakuuzia mazutu ya kila siku.

Kwa hiyo unapokwenda dukani, au unapoagiza mzigo utakaovuka ziwa kutoka Kigoma, shika mambo haya. Kwanza, geuza ruta usome karatasi iliyobandikwa chini, si jina tu bali na nambari ya toleo. Kampuni hubadilisha vitu vya ndani na kuacha jina lile lile. Tafuta jina na toleo hilo kwenye orodha ya OpenWrt kabla ya kutoa pesa. Pili, iwe na matundu mawili au zaidi ya waya. Tatu, iwe inatumia volti 12, ili uiunganishe na batri bila inveta. Lakini usiunganishe uchi: batri inapochajiwa na plaki hupanda hadi volti 14 na zaidi, na ruta nyingine itaungua. Weka katikati kifaa kidogo cha kutuliza umeme kwenye 12. Nne, isiwe na feni. Feni hapa kwetu hunyonya vumbi la barabara na kufa mapema.

Kuiweka nako si uchawi. Pakua programu kwenye tovuti yake yenyewe, si kwenye flashi ya rafiki, na ulinganishe alama ya uhakiki iliyoandikwa pale. Ukishaiweka, toa neno la siri la mkubwa kabla ya jambo lingine lolote. Tengeneza mitandao miwili, ya kazi na ya wageni, kila mmoja na neno lake la siri. Zuia wageni wasifike kwenye mtandao wa kazi wala kwenye ukurasa wa kuendeshea ruta. Wawekee kipimo cha kasi, ili mmoja akipakua filamu asile kasi ya wote. Halafu hifadhi mpangilio mzima kwenye faili moja na uufunge kabatini. Ruta ikiungua, unanunua nyingine ya aina ile ile, unarudisha faili, na ndani ya nusu saa umerudi kazini. Kompyuta ile ya mezani ikifa, utamtafuta fundi wapi?

Tusidanganyane pia. Ukuta huu hauzuii mtu kukupigia na kukuomba nambari ya siri ya pesa yako. Hauzuii mfanyakazi kupiga picha orodha kwa telefoni yake. Na jambo moja linanitia wasiwasi zaidi: mlinzi wa mlango anaona wanaopita. Ukuta mikononi mwa mtu mbaya unaweza kuwa jasusi. OpenWrt, ikiachwa kama ilivyo, huweka kumbukumbu zake kwenye kumbukumbu ya muda, na ukiizima zinafutika. Ziachwe hivyo. Yeyote atakayeomba zihifadhiwe ili kujua mkimbizi fulani aliongea na nani, aambiwe hapana.

Wako wanaoniambia jambo hili ni ndoto kwa watu wa vita. Lilifanyika. Mwaka 2007 kaskazini mwa Uganda, watu wakiwa bado kambini kwa sababu ya vita vya LRA, mradi wa BOSCO chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Gulu ulianza kupeleka intaneti kambini kwa kompyuta zinazokula umeme kidogo, zikiendeshwa kwa jua na batri na kuunganishwa kwa antena. Hata jina la mradi lile linaanza na neno batri. Waliielewa mapema hesabu ambayo sisi bado tunabishania. Na katika jimbo letu hili hili la Kivu Kusini, watu wa kisiwa cha Idjwi walipata mtandao wao wa jamii, Pamoja Net, uliovutwa kwa antena kutoka Bukavu kupitia ziwa. Hawakungoja nguzo za umeme zifike.

Sasa naomba, na nikiomba nataja wa kuombwa.

Ninyi wafadhili na mashirika: acheni kutuletea kompyuta kubwa zilizochoka huko kwenu mkiziita msaada. Kabla ya kuandika kifaa chochote kwenye mradi, andikeni wati zake kwa siku na mseme zitatoka wapi. Nunueni ruta mbili zinazofanana, moja ifanye kazi na moja ikae kabatini. Na mfundishe vijana wawili wa hapa, si mmoja, ili mmoja akihama ufunguo usihame naye.

Ninyi wakubwa wa redio, wa vituo vya afya na wa vyumba vya intaneti: hata kabla ya kununua kitu, leo hii badilisheni neno la siri lililokuja na kifaa, na mfunge dosie zilizo wazi. Hilo halina gharama. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa kwetu ufa ni huo, na ukuta wenyewe unatoshea kwenye kiganja.

Nanyi ndugu zangu mliokimbia, msidhani hamna la kusema kwa kuwa mnapokea. Siku mtakapoitwa kuandikishwa, mwambieni rais wa komite yenu aulize maswali mawili, kwa heshima na mbele ya wote: Majina yetu yanakaa kwenye mashine gani? Na umeme ukikatika, nani anailinda? Wakiwajibu vizuri, toeni majina. Wakicheka, nipigieni hapa redioni. Nitakwenda kuwauliza mimi, maikrofoni ikiwa wazi.

Kutoka Baraka, mwandishi wenu.