Egemeo la Upinde: Mtoto Ajifunze Shabaha, Mnyama wa Msituni Aachwe



Ndugu wasomaji, wazazi wenzetu na nyinyi wanafunzi, leo tunataka kuzungumza juu ya vijiti viwili na kipande cha mpira. Ni kitu kidogo, lakini ndani yake mna dini, mna sheria ya nchi, na kwa sisi tulioishi Mantapala mna kumbukumbu nzito.

Kijana anayekaa kando ya msitu hahitaji duka ili apate upinde. Wako wanaotengeneza upinde wa kawaida, na wako mafundi zaidi wanaotengeneza upinde wa kitako, yaani upinde mfupi uliolazwa juu ya ubao mfano wa bunduki, ambao uzi wake huvutwa, ukanaswa, kisha ukaachiwa kwa kifyatulio. Si jambo geni Afrika ya Kati. Wafang wa Gabon na Kamerun walikuwa wakiwinda ndege na nyani kwa upinde wa namna hii, wote wa mbao.

Tatizo la upinde wa kitako ni uzito wake mbele. Mkono wa kijana huchoka upesi, ncha ikayumba, na mshale ukaenda kusikokusudiwa. Ndipo huja haja ya egemeo.

KUTENGENEZA EGEMEO

Chukua miti miwili mikavu iliyonyooka, unene wake kama kidole gumba au zaidi kidogo. Okota iliyokwisha anguka, usikate mti mbichi, kwani msitu huu tunautumia pamoja na wenyeji waliotupokea. Kaa chini kama utakavyokaa wakati wa kulenga, upime kutoka ardhini hadi kidevuni, kisha ongeza shibiri moja na nusu, kwa sababu miguu ya egemeo ikitanuliwa kimo hupungua. Funga miti hiyo kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, shibiri moja chini ya ncha za juu. Ukiitanua utapata umbo la mkasi. Pale juu inapopishana, zungushia kitambaa ili ubao usiteleze. Ukiongeza mti wa tatu, egemeo litasimama lenyewe.

Zingatieni mambo mawili. La kwanza, kinachoegemezwa ni ubao, wala si mabawa ya upinde. Mabawa hujinyoosha kwa nguvu mshale unapotoka, na yakigonga kijiti mshale hupotea njia, au upinde huvunjika usoni mwa mpigaji. La pili, vidole vya mkono wa mbele vikae chini ya ubao. Kidole kilichopanda juu kwenye njia ya uzi kitaumia vibaya.

DINI YETU NA MSHALE

Kulenga shabaha si jambo baya katika Uislamu. Imepokelewa katika Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kutupa mishale, akawahimiza waendelee na kuwakumbusha kuwa baba yao Ismail (A.S.) alikuwa mpiga mishale.

Lakini Mtume huyo huyo (S.A.W.) aliweka mipaka. Bwana Adiyy bin Hatim (R.A.), aliyekuwa mwindaji, alimuuliza juu ya mawindo. Akafundishwa kwamba kinachouawa kwa ncha iliyochoma, jina la Allah likiwa limetajwa, huliwa. Na kinachouawa kwa ubavu wa fimbo au mshale, kwa kishindo tu, hakiliwi, kwa kuwa ni sawa na mnyama aliyepigwa hadi kufa, ambaye Suratul Maida aya ya 3 imemharamisha. Akafundishwa pia kuwa windo lililoangukia majini likafa lisiliwe, kwani hujui limeuawa na mshale au na maji. Sisi tunaoishi upande huu wa Ziwa Mweru, wenye mito na mabwawa kila upande, tuyaweke hayo akilini. Na ndege aliyeuawa kwa jiwe la manati, asiyewahiwa kuchinjwa, ni mzoga, hata kama mpigaji alisema Bismillahi.

Zaidi ya hapo, Ibn Umar (R.A.) aliwakuta vijana wamemfunga ndege wanamfanya shabaha. Walipomwona wakatawanyika. Akawaambia kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani anayekifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Wazazi, ni mara ngapi tunamwona mtoto akimlenga mjusi au njiwa kwa kujifurahisha, nasi tunapita tukicheka?

Tumeamrishwa wema katika kila kitu, hata katika kuchinja: kisu kinolewe na mnyama asiteswe. Kwa hiyo asiyeweza kuushika upinde ukatulia hana haki ya kumlenga kiumbe. Mnyama aliyechomwa mguuni akakimbilia kichakani hufa kwa siku nyingi, na hakuna anayefaidika na nyama yake.

SHERIA YA NCHI

Sasa kijana atasema: nimeshatengeneza egemeo, mkono wangu umetulia, ncha ni kali, na Bismillahi nitasoma. Kwa nini nisiende msituni?

Jibu ni kwamba wanyama wa Zambia wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2015. Kuwinda bila leseni ni kosa, na adhabu yake yaweza kufika kifungo. Upinde wa nyumbani hauondoi kosa, wala njaa haibadilishi karatasi ya mashtaka. Sisi wakimbizi tuna mzigo mwingine juu yake: hata kutoka nje ya makazi tunatakiwa tuwe na kibali. Kijana akikamatwa msituni na mshale na nyama, si yeye peke yake atakayeulizwa. Jina la makazi yote litachafuka mbele ya wenyeji waliotupa ardhi. Muislamu aliyepewa amani na watu hutakiwa kuiheshimu amani hiyo.

MISHALE TULIYOIKIMBIA

Liko jambo jingine ambalo hatupendi kulisema, lakini lazima tuliseme. Mantapala ilianza kupokea watu Januari 2018, baada ya maelfu kuvuka mpaka tangu Agosti 2017 na kukaa kwanza katika kituo cha muda cha Kenani. Wengi walitoka Haut-Katanga na Tanganyika. Na huko Tanganyika, mapigano ya Wabatwa na Waluba ya miaka ya 2016 na 2017 yalipiganwa kwa mishale kuliko kwa bunduki. Watu wa pande zote mbili walichomwa mishale, vijiji vya pande zote mbili viliteketezwa.

Basi kijana anayepita njiani na upinde begani, hata akiwa anacheza, hajui mama aliyekaa barazani anaona nini. Huenda anaona siku aliyompoteza mume. Tusiwafanye majirani zetu warudi kule walikokimbia.

JE, NA NJAA?

Tunajua wapo watakaosema kuwa maneno haya ni ya walioshiba. Hapana. Tunajua kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa kila mwaka, samaki hupungua sokoni, na ni miezi ile ile ya mvua ambayo ghala ni tupu. Hapo ndipo msitu humwita kijana. Lakini dawa ya miezi hiyo hutengenezwa kabla yake. Familia yenye kuku watano, au sungura kwenye kibanda, au chisense waliokaushwa vizuri na kuwekwa mapema kama tulivyokuwa tukiweka ndakala kule kwetu, haitamtuma mtoto kwenda kuhatarisha uhuru wake kwa ajili ya mnyama mmoja wa msituni.

RAI YETU

Hatusemi pinde zichomwe. Kijana aliyekaa bure ataunda kitu tu, na heri aunde mbele ya mkubwa. Tunapendekeza hivi: baba, mjomba au mwalimu wa madrasa atenge saa moja kwa wiki. Gunia lijazwe majani makavu, liwekwe mbele ya kichuguu kikubwa kitakachozuia mishale iliyokosa. Watoto wakae kwenye egemeo hatua kumi hadi kumi na tano, apige mmoja mmoja, na asiende mtu kuchukua mishale kabla ya pinde zote kuwekwa chini. Majirani waarifiwe kwanza, na kiongozi wa mtaa aombwe ruhusa. Akikataa, tumtii, kuna mpira na kuna kamba za kuruka. Saa ikiisha, mkubwa azifungie pinde ndani.

Mtoto akizoea kutulia, kuvuta pumzi na kungoja kabla ya kufyatua, tabia hiyo ataibeba hadi kwenye ulimi na hasira zake.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) awalinde watoto wetu, awape riziki ya halali, na atupe amani sisi na wenyeji wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.