Kamina: Mafuta yasiyo na etiketi yatoke sokoni

Leo tuongee juu ya mafuta ya kujipakaa. Sokoni yanachotwa kwenye kopo kubwa, yanapimwa kwa kijiko, yanafungwa ndani ya kisashe. Mama asiye na franka za kopo zima ananunua kile kisashe, na anampakaa hata mtoto. Etiketi imebaki kwa muuzaji. Mama amerudi nyumbani na kitu asichokijua hata jina.

Wanatuambia ni kuwasaidia maskini. Hapana! Mwenye franka anasoma, asiye nazo anabahatisha.

Etiketi inasomwa hivi. Tafuta neno « Ingrédients ». Kilicho kingi kinatangulia, kilicho kidogo kinafuata. Kwa losheni nyingi neno la kwanza ni « aqua », ndiyo maji. Weka losheni ya bei kali karibu na kopo la vaselini ya kawaida. Ile ya bei kali: maji, gliserini, mafuta kidogo, manukato. Vaselini: « petrolatum », basi. Kwa ngozi iliyokaushwa na kiangazi, vaselini inatosha kabisa. Na kopo lenye picha ya mti wa ngazi, tafuta « Elaeis guineensis », ndilo jina la kitaalamu la ngazi yetu. Ukilikuta mkiani, nyuma ya manukato, ujue umelipia picha.

Hiyo ni hasara ya franka tu. Kibaya zaidi ni mafuta ya kung'arisha ngozi. Kuna hidrokinoni, kwenye kopo « hydroquinone ». Inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini ukiizoea miaka, uso unaweza kutoka madoa meusi ya kibuluu. Waganga wa Afrika Kusini waliandika juu ya madoa hayo tangu 1975, na mwaka 1990 nchi yao ikaikataza katika vipodozi. Jirani zetu wa Rwanda, mwisho wa 2018, polisi waliingia madukani kukamata makopo.

Kuna « clobetasol » na ndugu yake « betamethasone ». Hizo ni dawa, munganga anaandika kwa siku chache na kwa sehemu ndogo ya mwili. Ukijipakaa mwili mzima miezi na miezi, ngozi inakuwa nyembamba, inapasuka mistari, na kidonda kinachelewa kupona. Mama atakayepasuliwa wakati wa kuzaa, mshono utashika wapi?

Tena kuna zebaki, « mercure », « Hg » ama « calomel ». Inaharibu figo, na inamfikia mtoto tumboni. Wengine hawaiandiki kabisa, lakini kopo likikuonya lisiguse dhahabu, fedha wala aluminiamu, lirudishe, maana zebaki ndiyo inayokula vyuma hivyo. Nchi za mkataba wa Minamata ziliamua mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikomeshwe kufikia 2025.

Wauzaji wanajibu: watu wenyewe wanaomba. Wanaomba weupe, ndiyo. Nani alikuja sokoni kuomba klobetasoli?

Kwa hiyo OCC, ambao kazi yao ni kukagua bidhaa, washuke sokoni, wasiishie kwenye mizigo mikubwa ya gari la moshi. Kupima kwa kijiko kukome. Anayetaka kuuza kidogo, auze kopo dogo lililofungwa kiwandani. Na wenzangu wa redio, kabla ya kusoma tangazo la pomadi inayotoa « rangi nzuri kwa siku saba », ombeni etiketi. Akikataa kuionyesha, arudi na franka zake.

Mama aliyekwisha kuzoea mafuta ya klobetasoli asiache ghafla peke yake, ngozi inaweza kuwaka vibaya. Aende kituo cha afya, na asiende mikono mitupu: abebe kopo, ama hata kile kisashe.