Mume Aliyekwenda Vitani Asirudi



Mwezi uliopita tulikuwa safarini katika kaunti za Homa Bay na Migori. Tulipomaliza darsa Kendu Bay, bibi mmoja mtu mzima alitungoja barazani kwa msikiti. "Sheikh," akasema, "nina swali ambalo mama yangu alikufa nalo."

Nyanya yake aliolewa na kijana wa Kiislamu wa huko huko. Mwaka 1917 kijana yule akachukuliwa kuwa mpagazi wa vita, wala hakurudi. Mwaka 1919 mwenzake wa kijijini alirejea, akasema kuwa alimzika kwa mikono yake karibu na Mto Rufiji. Nyanya akakaa eda, kisha mwaka 1920 akaolewa na mume mwingine, akamzaa mama wa bibi huyu. Tangu hapo, kila unapozuka ugomvi wa shamba, hakosi mtu katika ukoo wa kumtupia neno: mama yako alizaliwa na mke wa mtu, kwani karatasi ya kifo iko wapi?

Kabla ya jibu hatuna budi kuvieleza vita vyenyewe, maana vijana wetu hapa pwani hudhani vilikuwa vya Wazungu wa Ulaya peke yao.

Mapema Septemba 1914 jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka kutoka Tanzania ya leo, likaingia Karungu, ambayo sasa imo Kaunti ya Migori, kisha likapanda hadi Kisii na kuutwaa mji bila upinzani, kwani maofisa wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kuuhama. Waingereza wakapeleka askari wa King's African Rifles kwa meli kutoka Kisumu. Waliteremka Kendu Bay, ufukweni pale pale tulipokuwa tukinywa kahawa na wenyeji wetu, wakaenda kwa miguu. Tarehe 12 Septemba majeshi mawili yakakutana Kisii, yakapigana mchana kutwa. Kapteni Thorneycroft, aliyewaongoza askari wa Kiingereza, akauawa. Usiku ulipoingia kila upande ukajiona umeshindwa ukarudi nyuma, na mji ukabaki hauna mwenyewe.

Lakini walioshika bunduki ni nani? Mwaka 1889 Wissmann aliwaajiri Wasudani kule Misri kwa ajili ya jeshi la Wajerumani. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua Wasudani waliosalia kutoka jeshi la Emin Pasha karibu na Ziwa Albert, akawaleta Uganda, nao wakawa shina la jeshi la Waingereza. Watu wa asili moja na kibla kimoja wakagawanywa na bendera mbili. Waliongezwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wayao na wengineo, na Kiswahili kilisemwa kambini kwa pande zote mbili. Wanahistoria huviita Vita vya Kwanza vya Dunia. Sisi tunaona kuwa katika ardhi hii vilikuwa vita vya ndugu kwa ndugu, ingawa hakuna ndugu aliyevitaka.

Baada ya Kisii yakaja makubwa zaidi: Tanga Novemba 1914, Mahiwa Oktoba 1917, na mengine mpaka Wajerumani walipoweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918. Hata hivyo waliouawa kwa risasi walikuwa wachache wakilinganishwa na wapagazi waliokufa kwa kuhara, homa ya mapafu, malaria na posho mbovu. Kwa hesabu ya Waingereza wenyewe, wapagazi waliowafia ni zaidi ya 40,000. Nyanza ilitoa sehemu kubwa ya wapagazi wa Kenya, na Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimepata majina yao kutokana na kikosi hicho. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa Waafrika wengi mno hawakuandikwa majina popote. Ukiisoma sanamu ya askari pale Nairobi utakuta ahadi kwamba majina ya waliokufa yatakumbukwa na watoto wao, na jina la hata mmoja wao halikuchongwa.

Basi karatasi anayodaiwa bibi yetu haikuandikwa kamwe. Tukamjibu hivi. Mume aliyepotea bila habari huitwa mafqudi. Katika kauli mpya ya Imamu Shafi'i, mkewe husubiri mpaka kifo kithibiti. Katika kauli yake ya zamani, na kwa Imamu Malik, husubiri miaka minne kisha akakaa eda ya miezi minne na siku kumi. Lakini nyanya yake alipata habari. Alijiwa na mtu mwaminifu aliyezika kwa mikono yake, na wanazuoni wetu wamesema kuwa mwanamke akiambiwa na mwadilifu kuwa mumewe amekufa, ni halali kwake, baina yake na Mola wake, kukaa eda na kuolewa. Na hata ingedhihirika kuwa habari ile ni kosa, mtoto aliyezaliwa katika ndoa iliyodhaniwa sahihi ni wa baba yake, nasaba yake haivunjiki. Anayemwita vinginevyo ndiye mwenye kosa, tena kosa zito. Mambo ya shamba tulimshauri ayapeleke kwa kadhi, kwani hatuwezi kuhukumu kwa kusikia upande mmoja.

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama inafaa kumsalia yule kijana sala ya maiti aliye mbali. Tukamwambia kuwa katika madhehebu yetu humsalia yule tu ambaye siku ya kifo alikuwa mtu mzima wa kuwajibikiwa na sala hiyo, na wote hao wametangulia. Dua na sadaka, hata hivyo, zinamfikia.

Tukamwuliza jina lake kijana. Akalitaja, pamoja na la baba yake na la babu yake, bila kusita, ingawa hakuwa babu yake wa damu. Nyanya yake ndiye aliyemfundisha. Tumeliandika daftarini, nalo litasomwa katika khitma yetu ya Alhamisi hii baada ya Maghribi, inshallah. Mwenye jina la mtu wake aliyepotea namna hiyo atuletee kabla ya Alasiri.