Watoto wadogo si miti

Leo nina la kusema kuhusu maigizo ya watoto, maana Mfungo Sita ukikaribia kila chuo huandaa lake.

Utaona wakubwa wa miaka 12 wamepewa maneno yote, wadogo wa miaka 5 wamesimamishwa nyuma wawe miti au mbuzi. Nami mwaka wa kwanza nilifanya hivyo hivyo. Mti wangu mmoja ulilala, mwengine ukamkimbilia mama yake. Watu walicheka, mimi sikucheka.

Kosa lilikuwa karatasi. Asiyejua kusoma utampaje karatasi ahifadhi? Siku hizi nawapa jambo wanalolijua: posa. Washenga wamefika, kahawa imeletwa, bibi yake bi harusi hataki. Bibi huwa ni mdogo kuliko wote, na hafundishwi la kusema. Wakubwa ndio hulazimika kumsikiliza na kumjibu, na aliyezoea kuhifadhi ndiye anayebabaika.

Dada mmoja aliniambia maigizo ni kuwafundisha watoto uongo. Namheshimu, na ndiyo maana Mitume na Masahaba hatuwaigizi kabisa. Lakini anayejifanya bibi hamdanganyi mtu, kila aliyekaa mkekani anajua ni mchezo. Na binti yangu, aliyekuwa akijificha nyuma ya buibui langu wageni wakija, alisimama mbele ya watu wote akawaambia washenga: "Mahari yenu hayatoshi, rudini kwenu!"

Jumamosi tunaanza mazoezi. Waleteni na wadogo.