Wanachama Wote Hawajalipa

Soma sentensi hii: "Wanachama wote hawajalipa." Haya, niambie, waliolipa ni wangapi?

Kwa Kiswahili tunachozungumza hapa Nakuru, sentensi hiyo ina maana mbili. Ya kwanza: hakuna hata mmoja aliyelipa. Ya pili: si wote waliolipa, yaani wengine wamelipa na wengine bado. Kwenye mkutano wa chama hakuna shida, maana mweka hazina ataelewa kwa sauti na uso wa mwenyekiti. Kompyuta haimwoni mwenyekiti. Sisi tunaoandika programu ndio tunaoichagulia maana, na tukichagua vibaya, mama aliyelipa jana anapokea ujumbe wa kudaiwa leo.

Mfano wa pili. Chukua sacco iliyofungua tawi jipya Molo, na tawi hilo halijamkopesha mtu yeyote. Programu ya ripoti inauliza: je, wakopaji wote wa Molo wamelipa? Kimantiki jibu ni ndiyo. Ili kauli ya "wote" iwe ya uongo, lazima uonyeshe mkopaji mmoja ambaye hajalipa, na Molo hakuna wa kuonyesha. Huamini? Fungua Python uandike all([]) uone. Itakujibu True. Basi meneja anaona Molo inaongoza matawi yote kwa ulipaji mzuri! Kompyuta haijakosea hapo. Swali ndilo lililoulizwa nusu.

Ndugu msomaji, haya ndiyo mambo ya mantiki na falsafa ya hisabati. Neno "wote" lina maana gani? Kitu kisicho na chochote ndani yake kinahesabiwaje? Uthibitisho ni nini hasa? Wengi hudhani ni maneno ya wazee wa Ulaya wasio na kazi. Mimi nasema ni kazi ya mikono kama useremala, na sisi Wakenya tulijinyima.

Historia kidogo. Mwaka 1962 wanahisabati na walimu kutoka Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya shule vya mtindo mpya, vyenye seti ndani yake. Kenya nayo ikafundisha hizo hesabu mpya. Walimu wengi hawakuandaliwa vya kutosha, na wazazi waliona madaftari ya watoto wao hayafanani na hesabu yoyote waliyoijua. Mwaka 1981 Rais Moi, ambaye amezikwa hapa kwetu Kabarak, akaamuru mtindo huo uondolewe shuleni.

Siwezi kusema malalamiko yote yalikuwa ya bure. Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba mwanafunzi hakuambiwa seti ni za nini. Na jibu lilikuwa tayari lipo. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alichapisha makala yaliyoeleza jinsi ya kupanga data kwa kutumia nadharia ya seti na mantiki. Kutokana na wazo hilo tukapata SQL. Tulipokuwa tunazifukuza seti mlangoni mwa darasa, zilikuwa zinaingia benki kupitia dirishani. Leo karibu kila mfumo wa sacco unauliza maswali ya seti kutwa nzima: nani yumo huku na kule, nani yumo huku na hayumo kule.

Jirani zetu Tanzania kwa miaka mingi walifundisha mantiki kama mada katika hisabati ya kidato cha tano. Mimi nilimaliza KCSE bila kuona jedwali la ukweli hata moja. Nilikutana nalo chuo kikuu.

Sasa kuna wanaosema hayo yamepitwa na wakati, akili bandia itatuandikia kila kitu. Tazama habari zenyewe. Julai 2024 mfumo wa AlphaProof wa Google DeepMind, pamoja na mwenzake AlphaGeometry 2, ulipata alama 28 kati ya 42 katika maswali ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, kiwango cha medali ya fedha. AlphaProof haikuandika majibu yake kwa maneno matamu. Iliyaandika kwa Lean, lugha ya programu ambayo hukagua kila hatua ya uthibitisho na kukataa isiyofuata.

Wanadamu nao wamelazimika kufanya hivyo. Mwaka 1998 Thomas Hales alitoa uthibitisho wa dhana ya Kepler kuhusu namna bora ya kupanga mipira. Wakaguzi walihangaika nao miaka, wakasema wana uhakika asilimia 99. Hales hakuridhika. Yeye na wenzake wakauandika upya ili mashine iukague wote, wakamaliza 2014.

Lakini mashine hukagua ulichoandika, haikagui ulichokusudia. Ukiipa "wanachama wote hawajalipa" kwa maana isiyo yako, itakuthibitishia kitu kingine bila kosa hata moja. Kadiri kuandika programu kunavyokuwa rahisi, ndivyo anayejua kuuliza sawasawa anavyozidi kuhitajika. Na mashine ya kukagua haikuulizi umesoma Princeton au Njoro.

Pa kuanzia, bila kulipa hata shilingi:

- Natural Number Game, mchezo uliotoka Imperial College London mwaka 2019. Unathibitisha mbili jumlisha mbili ni nne kwa Lean, ndani ya kivinjari chako.
- forall x, kitabu cha mantiki cha P. D. Magnus.
- Stanford Encyclopedia of Philosophy, iliyoko mtandaoni tangu 1995. Humo falsafa ya hisabati imejaa tele.

Zote ni za Kiingereza, na hapo ndipo kazi yetu ilipo. Mazoezi ya "si wote" na "hakuna" tuyaandike kwa Kiswahili, maana utata wenyewe ni wa Kiswahili. Anza na katiba ya chama chako. Andika kila kifungu upya kwa maneno mawili tu, "kila" na "kuna", uone kama bado kinaeleweka. Kifungu kitakachokushinda ndicho wanachama watakachogombania siku pesa zikipungua.