Kinachosukuma ni joto, si mwanga
Ndugu mwandishi wa makala ya kupima chuma kwa leza, pale uliposema mwanga "unausukuma" uso wa chuma sikubaliani nawe. Msukumo wa mwanga wenyewe ni hafifu mno. Kazi hufanywa na joto: leza ikipiga kwa nanosekunde chache tu, tabaka jembamba la juu hupata moto na kutanuka ghafla, na mtanuko huo ndio unaorusha wimbi la sauti ndani ya chuma. Mtafiti R. M. White aliyachambua haya mwaka 1963. Nanyi wachangiaji mnaodai hapo juu kwamba leza lazima iunguze kinachopimwa, tofautisheni: nguvu ikizidi, uso huchomeka ukatoa mvuke na alama hubaki (ingawa wimbi huwa kubwa zaidi), ikidhibitiwa, uso haudhuriki. Kuhusu gharama mna hoja, kwani kifaa cha kawaida cha kupimia kwa mawimbi ya sauti, kinachogusishwa kwenye chuma, ni nafuu sana. Lakini hicho huhitaji jeli au maji kati yake na chuma, na bomba linalotoka tanuruni likiwa na nyuzijoto karibu 1,000 za Selsiasi, nani atalipaka jeli? Huko unene hupimwa kwa leza, tena kwa mbali, bomba likiendelea kupita.